Mchapishaji Asiyechapa

Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi, na manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa yamekatika dakika kama ishirini zilizopita, yakiacha lami inametameta na mabati yanadondosha tone moja moja. Mbele ya kibanda cha fundi funguo, chini ya turubai, palikuwa na viti vinne vyekundu vilivyoungana, vya kukunja, vilivyong'olewa katika jumba la sinema lililofungwa zamani. Ndiyo maana kijiwe hicho kiliitwa Safu ya Mbele. Kiti cha kwanza kilikuwa cha mwenye kibanda, mzee wa miaka sitini na tisa aliyeitwa Besi, kwa kuwa alipiga gitaa la besi kwenye bendi miaka kumi na mmoja kabla ya kugeukia kufuli. Cha pili kilikuwa cha Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye hakuvua koti hata jua likiwa la kuchoma. Cha tatu kilikuwa cha Betri, fundi simu, mtu ambaye hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote. Cha nne chemchemi yake ilikuwa imelegea, na asiyejua akikaa kilimfunga katikati kama daftari. Kwa hiyo waliwaachia wageni. Shangazi, muuza kahawa, hakuhitaji kiti. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, chupa zake mbili za kahawa miguuni, na kutoka hapo aliwaona wote watatu usoni.

— Soma tena pale juu, Besi alisema. Polepole.

Karani alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena, kisha akainyoosha barua ambayo kwa siku tisa ilikuwa imekaa ndani ya droo ya funguo ghafi, zisizochongwa bado.

— "Sisi, kama wachapishaji wa wimbo wako uitwao Mlango Sijaufunga, tumepokea maombi ya mtayarishaji wa filamu anayetaka kuutumia kwa sekunde arobaini na moja. Kabla ya kutoa leseni tunahitaji kibali chako, pamoja na taarifa zinazokosekana katika fomu tuliyoambatanisha. Tafadhali tujibu kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatano." Leo hiyo.

— Hapohapo, Betri alisema. Wachapishaji. Hebu niambieni, wimbo unachapwaje?

— Kama kitabu.

— Kitabu kina karatasi, Karani. Wimbo una nini? Upepo. Unauchapa upepo, mkononi unabaki na nini?

— Kuna kuchapa na kuchapa, Shangazi alisema, akimimina. Mimi mama yangu alinichapa kila Jumamosi, na sikuwahi kutoka kitabu.

— Mimi nawaambia hao wameshachapa lapa na wimbo wenyewe, Betri alisema. Barua ni ya kuaga.

— Mwizi haandiki barua ya kuomba kibali, Karani alisema.

— Mwizi wa zamani haandiki. Wa siku hizi anaandika, anapiga muhuri na anakutakia siku njema chini kabisa.

Besi hakucheka, ingawa sentensi hiyo ilistahili. Fomu iliyokuja na barua alikuwa ameikunja mara mbili katika mfuko wa shati. Ilikuwa na mistari saba. Minne ya kwanza, yaani jina la wimbo, mwaka, bendi na mtunzi wa tuni, aliijaza siku ileile ilipofika, kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Mstari wa tano ulisema: Mtunzi wa maneno. Hapo kalamu ilikuwa imesimama siku tisa, na miwili ya mwisho haikuweza kujazwa bila huo, maana nayo ilihusu maneno hayohayo.

Si kwamba hakulijua jina. Alilijua kuliko alivyolijua lake. Maneno yalikuwa ya mkewe.

Siku ya kurekodi, miaka thelathini na sita iliyopita, mtu mwenye daftari alipita kati ya vyombo akiuliza kila wimbo mtunzi wake nani. Ulipofika huo, kiongozi wa bendi alimwonyesha Besi kwa kidole. Na Besi, aliyekuwa ameinama anakaza uzi wa gitaa, alitikisa kichwa. Hakusema neno. Kichwa kilikwenda chini, kikarudi juu, na juu ya mtikiso huo mmoja ikajengwa miaka yote iliyofuata: wimbo ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye harusi, watu wakamsimamisha njiani wakamwambia mzee ulitunga. Mkewe hakumuuliza. Yeye hakumweleza. Sasa kalamu ilimtaka alitende jambo lilelile mara ya pili, safari hii kwa mwandiko wake mwenyewe, au alitendue, na kwa kulitendua aende akasimame mbele ya mwanamke yule na kumwambia alichokifanya. Kati ya hayo mawili alikuwa hajapata la tatu, na saa zilizobaki zilikuwa sita na dakika arobaini.

— Halafu hiyo leseni, Betri aliendelea. Leseni ya udereva naijua. Wimbo unaendesha nini?

— Leseni ni ruhusa tu, Karani alisema. Mwenye duka ana leseni.

— Ana leseni ya kuuza sukari yake. Hapa mtu wa filamu anapewa leseni ya sukari ya Besi, na anayeitoa si Besi.

— Ndiye mwakilishi. Wewe simu ya mteja si unaiuza kama hajarudi miezi mitatu?

— Ile nimebandika tangazo.

— Basi na hao watakuwa wamebandika.

Betri alisogea mbele, na kiti chake kikalia. Wenzake walijua maana ya mlio huo.

— Sikilizeni niwape siri, alisema. Hawa wachapishaji wana mtambo. Umeunganishwa na kila simu. Wewe unatembea zako, unaguna kawimbo, hujafika hata kwenye kiitikio, mtambo umeshakunasa. Mtoto wa shule anapiga mluzi darasani, baba yake kazini anatumiwa ujumbe: mwanao ametumia sekunde nane.

— Nani kakwambia?

— Mimi nafungua simu kila siku. Humo ndani kuna vitu havina kazi inayoeleweka. Unadhani ni vya nini?

— Mtambo si hoja, Karani alisema, akifunga kifungo cha koti kama anayeinuka kizimbani. Hoja ni upangaji. Besi ukipangisha nyumba yako, unaweza kuingia ukalala sebuleni kwa mpangaji?

— Siwezi.

— Huwezi. Basi wimbo ni hivyo hivyo. Ukishaupangisha kwa watu wa filamu, wewe mwenyewe huna haki ya kuuimba bafuni mpaka mkataba uishe. Unaoga kimya.

— Na akiuota? Shangazi aliuliza.

Karani alifikiri kwa haki kabisa.

— Ndoto ina mjadala, alikiri.

— Na shemeji? Betri alisema. Shemeji nasikia anauguna wimbo huo akiwa kwenye cherehani mchana kutwa. Si atafilisi familia?

Besi aliinua kichwa.

— Umemsikia lini?

— Nilipopeleka suruali. Hapo kwenye "hatua ninazijua" anapunguza mwendo, na mashine nayo inapunguza. Kwani hujui?

Hakujua. Yeye akiwa nyumbani, mkewe alishona kimya.

— Mimi kinachonichekesha ni kimoja tu, Shangazi alisema, kwa sababu aliuona uso wa Besi na hakupenda alichokiona. Mtu anakula kwa kufuli, halafu wimbo wake maarufu unasema mlango hakuufunga.

— Aliutunga kabla hajaingia kwenye kufuli, Karani alisema.

— Ndiyo maana bendi ikafa. Hakukuwa na mipango.

Besi alitabasamu kidogo, na hapo hapo mwanamke kijana akaingia chini ya turubai, mwavuli mkononi, mkoba wa ngozi ya bandia begani, viatu vimelowa hadi kwenye kamba.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja.

— Namtafuta fundi funguo.

— Umempata, Betri alisema. Kaa. Kufuli gani?

— Si kufuli. Nitangoja mmalize mazungumzo.

Alikaa kwenye kiti cha nne kabla Shangazi hajamwahi, kikamkunja magoti hadi kidevuni. Karani na Betri walimvuta kila mmoja mkono wake, wakamwonyesha mahali pa kukalia, pembeni mwa kiti hichohicho pasipokunja. Na Shangazi akampa kikombe cha kahawa bila kuuliza, kama ada ya kukunjwa.

— Umekuja wakati mzuri, Betri alimwambia. Wewe umesoma, unaonekana. Mchapishaji wa muziki unamjua?

— Kidogo.

— Usimsogelee. Huyo ni mtu anakaa ofisini kwenye kiyoyozi, hajui kupiga hata ngoma ya meza, lakini nyimbo zote ni zake. Ana mtambo. Anachapa nyimbo usiku, asubuhi zina jina lake. Mzee wetu huyu wameshamshika. Tunatafuta namna ya kumwokoa.

— Na huyo mchapishaji mmewahi kumwona?

— Haonekani. Hiyo ndiyo mbinu yake.

Binti alimaliza kahawa, akakiweka kikombe chini taratibu.

— Ni mimi, alisema.

Betri alimtazama mikono, akatazama mkoba, akatazama nyuma yake barabarani.

— Huna hata mashine, alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

— Hatuna. Hatuchapi chochote. Zamani sana walioshika kazi hii walichapa karatasi zenye noti za muziki, watu wakazinunua wakapige wenyewe nyumbani. Karatasi zikaisha, jina likabaki.

— Kama mimi, Karani alisema. Nilistaafu ukarani, mmebaki kuniita.

— Ndivyo hivyo, mzee.

— Sasa mnafanya nini? Shangazi aliuliza. Sema kwa lugha ya sisi tunaouza kahawa.

Binti alifikiri kidogo. Ilionekana ameulizwa hivyo mara nyingi na hakuna jibu lililowahi kumridhisha.

— Tuseme mtu wa filamu amesikia wimbo, ameupenda. Hajui wa nani, hajui anakaa wapi, hajui kama yu hai. Anakuja kubisha kwetu. Sisi tunafungua faili, tunamtafuta mwenye wimbo, tunamuuliza: fulani anautaka kwa sekunde kadhaa, mahali fulani kwenye filamu yake, unakubali? Akikataa, tumemaliza. Akikubali, tunaandika ruhusa: sekunde ngapi, wapi, kwa muda gani, asibadilishe nini. Hiyo ruhusa ndiyo leseni. Anacholipa, sisi tunachukua fungu letu, mtunzi anapata lake.

— Na bafuni? Karani aliuliza.

— Bafuni aimbe tu.

— Hata kwa sauti?

— Hata na mkewe.

Karani aliandika jambo hilo akilini, na ilionekana limemwondolea mzigo.

— Lakini sauti kwenye sahani ile ya santuri si ya Besi, Betri alisema, akijaribu kujinasua. Mwimbaji alikuwa mwingine.

— Swali zuri. Ile sahani, yaani sauti iliyorekodiwa siku ile, ina mwenyewe, na mtu wa filamu anamwomba mbali. Ofisi yangu haihusiki. Sisi tunashika wimbo wenyewe, ule ambao ungekuwepo hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Tuni na maneno.

Alitoa faili kwenye mkoba, la kijani, lililochakaa pembeni.

— Kampuni ya zamani ilinunuliwa, faili zikahamia kwetu, na nyingi zina mapengo. Hili lako, mzee, pengo lake ni moja. Mtunzi wa tuni upo. Mtunzi wa maneno, walioandika wakati ule waliacha wazi.

— Waliacha wazi? Besi aliuliza.

— Waliacha wazi.

Kwa miaka thelathini na sita Besi aliamini kwamba mtikiso wake ulikwenda kuandikwa mahali. Kumbe mwenye daftari alikuwa na safu mbili, moja ya tuni na nyingine ya maneno. Aliijaza ya kwanza, akageuza ukurasa. Hakuna aliyedanganywa kwa maandishi. Hilo lilipaswa kumpa nafuu. Halikumpa, kwa sababu mkewe, aliyemdai, hakusoma faili hata siku moja; alisikiliza redio.

— Nimekupigia simu mara tano, binti alisema. Leo ndiyo mwisho. Mahali ambapo hapajulikani ni pa nani, siwezi kumruhusu mtu aingie. Ikifika saa kumi na moja watachukua wimbo mwingine. Lakini hata ungenijibu, kuna swali la mwongozaji wa filamu ambalo nilishindwa kulijibu, nikasema nije kwa miguu. Anataka kujua ni nani anayesema katika wimbo huu, ili ajue amweke nani kwenye picha. Ameusikiliza mno, hajapata.

— Soma tusikie, Shangazi alisema.

Binti alisoma bila kuimba:

Mlango sijaufunga, komeo nalilegeza,
hatua ninazijua, zapita na si za kwake.

Halafu akamgeukia Besi, na kwa upole wa mtu asiyejua anagusa wapi, akauliza:

— Mzee, ulikuwa unamsubiri nani?

— Mpenzi wake, Betri alidakia. Hilo nalo la kuuliza?

— Mpenzi gani? Karani alisema. Wakati huo ameshaoa.

— Basi mkewe.

— Mkewe alikuwa ndani, ana mtoto wa miezi minne. Nakumbuka, nilikwenda kuwapa mkono. Huyu bwana hakuwepo, walikuwa ziarani na bendi, wamesema wiki tatu zikawa saba.

— Basi alikuwa anamsubiri huko alikokuwa.

— Hotelini? Anasubiri hatua za mkewe hotelini, na mkewe hajui hata mji? Kwa nini asifunge mlango?

— Labda lilikuwa joto.

— Betri.

— Nafikiri, Karani. Niache nifikiri.

Walifikiri wote. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiwepo, viti vyote vilikuwa vimejaa na hakuna kilicholia. Wimbo huo walikuwa wameusikia mara mia, na katika mara zote mia yule anayesubiri walimvika suruali, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mwanamume na lugha yenyewe haisemi ni wa kike au wa kiume. Sasa walimtafuta Besi nyuma ya mlango ule, na popote walipomweka hakukaa.

— Sikuwa namsubiri mtu, Besi alisema.

Alikuwa anatazama mikono yake. Vidole vya fundi funguo huwa na vumbi la shaba kwenye mistari, haliondoki kwa sabuni.

— Mimi nilikuwa nasubiriwa.

Shangazi aliweka chupa chini.

— Tulirudi alfajiri, aliendelea, na sasa alieleza kwa mpangilio, kwanza hili na kisha lile, kama mtu anayekabidhi vitu vilivyohesabiwa. Gari lilinishusha njia panda, nikaenda kwa miguu, gitaa mgongoni. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ndani. Anambembeleza mtoto. Nikasimama, nilidhani ni wimbo wa watu, nikasikiliza. Halafu nikaelewa ananisema mimi. Sikubisha mara moja. Niliaibika. Nilikuwa na wiki nne za ziada ambazo sikuwa nimetuma hata salamu. Baadaye nikaingia. Mwezi ule ule nikautafutia tuni mpya, nikaupeleka kwenye bendi. Wakauliza wa nani, nikaonyeshwa kwa kidole, nikatikisa kichwa.

— Shemeji alisemaje? Betri aliuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ndogo.

— Hajasema.

— Hajasema mpaka leo?

— Mpaka leo.

Karani alifungua kinywa. Kila mmoja alisubiri atoe hukumu, kwa kuwa alikuwa na sura hiyo. Badala yake alichukua fomu mfukoni mwa Besi, akaikunjua, akailaza juu ya goti lake na kuinyoosha kwa kiganja mara tatu, mpaka mikunjo ikalegea, kisha akamrudishia.

— Nenda nayo ikiwa imenyooka, alisema.

Besi alikinga kikombe chake kwa Shangazi. Alitaka cha mwisho, cha kumpa moyo. Shangazi aliinamisha chupa ya kwanza, kisha ya pili, akaitikisa karibu na sikio.

— Imekwisha, baba. Nenda hivyo hivyo.

Nyumba ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, na Besi na binti waliitembea kwa dakika saba bila kuzungumza, isipokuwa mara moja, binti alipouliza kama ni kulia au kushoto. Mkewe alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, rundo la sare za shule upande mmoja zimekatwa na upande wa pili zimeshonwa. Aliinua macho, akaona mume wake amerudi saa tano asubuhi, akaona mgeni, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

— Kuna nani amefariki?

— Hakuna.

— Shikamoo mama, binti alisema.

— Marahaba mwanangu. Karibu, sogeza hizo sare ukae. Usizichanganye, za kulia hazina vifungo.

Besi alibaki amesimama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Yalikuwa mengi na mazuri, na hakuna lililofika naye.

— Mama watoto, alisema. Kuna mahali hapa panataka jina lako.

Alimpa fomu. Mkewe alivuta miwani kutoka kwenye nywele, akasoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia kama kinavyotangulia kitambaa chini ya sindano. Kilipofika mstari wa tano kilisimama.

— Huu ni ule wimbo, alisema.

— Ndiyo ule.

— Wanauliza maneno ya nani.

— Wanauliza. Nimekuja kwa sababu yanajulikana ni ya nani. Nilijua siku ile, nikanyamaza. Nimekuja kusema hivyo.

Mkewe alikunja miwani, akaifungua tena.

— Ulidhani sijui? Redio inaniimbia maneno yangu kwa sauti ya mwanamume, nipo hapa nakuna nazi, ningekosaje kujua?

— Hukusema.

— Nisemeje? Niende redioni? Alimtazama binti kama anayemweleza yeye, kwa kuwa yeye ilikuwa rahisi kumtazama. Siku nyingine niliona ni sawa, amerudi, ameacha mambo ya safari, anachonga funguo hapo jirani, nikimwita anakuja. Siku nyingine haikuwa sawa hata kidogo. Siku hizo nilishona mpaka ikapita.

— Nisamehe, Besi alisema.

Mkewe alinyoosha mkono bila kumtazama, akamwondolea kipande cha uzi kilichokuwa kimenasa kwenye mkono wa shati lake, akakizungusha kidoleni.

— Mwandiko wako siku hizi unatetemeka, alisema. Mwache binti aandike.

Binti alisogeza kiti hadi kwenye meza ya cherehani. Aliuliza jina kamili, akaliandika kwenye mstari wa tano, herufi kubwa, akamwonyesha mwenyewe. Mwenyewe akasahihisha herufi moja. Kisha binti alieleza kwamba fungu la watunzi litagawanywa kati ya tuni na maneno, nusu kwa nusu, na kwamba sasa vibali vinavyohitajika ni viwili, si kimoja, na yeyote kati yao anaweza kukataa.

— Kwenye filamu yao nani anasema? mke aliuliza.

— Hawakujua, mama. Waliniuliza.

— Waambie ni mwanamke, na amechoka, na hajakasirika. Wakimfanya amekasirika watauharibu.

— Nitaandika hilo kwenye masharti.

— Basi mimi nakubali. Na huyu anakubali, si ndiyo?

— Nakubali, Besi alisema.

— Mstari wa sita, binti alisema, kalamu tayari. Idadi ya beti.

— Mbili, Besi alisema.

— Tatu, mkewe alisema.

Besi alimgeukia. Kwenye mashine, mkewe alikuwa ameshaweka kola ya sare nyingine chini ya sindano na anaipanga ncha kwa ncha.

— Hakuna wa tatu, Besi alisema. Nilisimama pale mlangoni, nilisikia wote.

— Uliingia.

Alisema hivyo tu, na akashusha mguu wa sindano. Besi alihesabu kichwani: ubeti wa kwanza, wa pili, mkono wake juu ya mlango, mlango ukifunguka, mtoto akigeuza kichwa, na mkewe akinyamaza. Miaka yote alidhani ule ukimya ulikuwa wa kumshangaa yeye.

— Huo wa tatu unasemaje? aliuliza.

— Watu wa filamu wameuomba?

— Hawaujui, mama, binti alisema. Wameomba ule wanaousikia.

— Basi usiandike maneno yake. Andika tu kwamba upo.

— Na mimi? Besi alisema.

Mkewe alimtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia, na kwenye pembe za macho yake palikuwa na kitu ambacho kilikaribia sana kuwa kicheko.

— Wewe subiri, alisema. Subiri kidogo na wewe.

Kisha akazungusha gurudumu. Besi alivuta kigoda kilichokuwa chini ya meza ya kukatia, akakaa karibu na mguu wa cherehani, mikono juu ya magoti. Binti aliinama, akajaza mistari miwili iliyobaki: katika wa sita, beti zilizopo, tatu, katika wa saba, beti zinazotolewa kibali, mbili.